Nani Alimfundisha Huyu?

Kila Januari, katika wiki ya kwanza ya masomo, husikika madarasani mwetu swali ambalo anayeliuliza hatafuti jibu. Mzazi amemleta mtoto aliyehama kutoka shule nyingine, mwalimu amelifungua daftari la mtoto huyo, amekunja uso, kisha anauliza kwa sauti ambayo mzazi hawezi kukosa kuisikia: "Nani alimfundisha huyu?" Nimewasikia walimu wa darasa la kwanza wakiliuliza wanapowapokea watoto waliotoka kwetu chekechea. Nimewasikia walimu wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, wakiliuliza juu ya watoto wa PP1, mwaka wa kwanza, yaani juu ya kazi ya mwenzao wa chumba cha pili. Na kwa kuwa sikuanza kuandika hapa ili nijipambe, niseme mapema kwamba mimi pia nimeliuliza.

Ilikuwa Januari 2019, mwaka ambao mtaala mpya wa umilisi ulianza kutumika kote nchini Kenya kuanzia chekechea. Mtoto mwenyewe alikuwa na umri wa miaka mitano, ametoka shule ya kijiji jirani, na mamake alikuwa akiuza viazi karai karibu na kituo cha matatu. Daftari lilikuwa limetumika kurasa nne tu, na kurasa hizo zilijaa mistari iliyopindapinda ambayo sikuweza kuipa jina. Penseli aliishika kama mtu ashikavyo mchi. Nikauliza swali langu. Mama akacheka kicheko cha kuona haya, akasema hajui, labda shule ile haina walimu wazuri, nami sikumkanusha. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa sawa na kutia sahihi.

Kijijini maneno ya mwalimu hayalali njiani. Katika likizo ya Aprili tuliitwa kwenye semina, tukaketishwa mmoja baada ya mwingine bila kujali shule tulizotoka, na mwezeshaji akatutaka kila mmoja ataje jina lake na kituo chake. Dada aliyekuwa ameketi kushoto kwangu alitaja jina, akataja shule, halafu badala ya kuketi akanigeukia na kusema kwa upole kabisa, "Mimi ndiye niliyemfundisha." Wengine walidhani ni mzaha wetu wa zamani, wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Wakati wa chai alinieleza, wala hakunieleza kwa hasira. Alikuwa na watoto 62 katika chumba kimoja kisicho na mlango. Penseli zilizoahidiwa zilifika muhula wa pili, tena nusu ya idadi. Kwa hiyo alifanya alichoweza: nyimbo, vitendawili, kuhesabu kokwa za ukwaju, kufinyanga udongo wa kisimani, kupanga vifuu kutoka kikubwa hadi kidogo, na kuwaachia watoto makuti mateke wayachane na kujaribu kusuka ukili kama wanavyowaona nyanya zao wakisuka. "Yule mtoto," akaniambia, "ukimpa nyuzi tatu atakusukia. Umewahi kumpa?" Sikuwa nimewahi. Nilikuwa nimempa penseli na herufi za kunakili kutoka ubaoni, kwa sababu daftari lililojaa herufi ndilo wazazi wanaloliona wakaridhika, na mimi nilipenda kusifiwa.

Kilichonimaliza ni kwamba siku mbili zilizofuata mwezeshaji alitufundisha mambo yaleyale. Alitueleza kwamba mkono wa mtoto wa miaka minne au mitano bado unajengeka, kwamba vidole hupata nguvu kwa kufinyanga, kurarua, kuokota na kusokota kabla ya kukabidhiwa penseli, na kwamba mchezo katika umri huo ndiyo kazi yenyewe. Yule dada alikuwa akiyatenda hayo kwa ufukara, pengine bila kuyapa majina ya kitaalamu. Mimi niliyekuwa na diploma na chumba chenye mlango ndiye niliyekuwa nyuma. Michoro ya zile kurasa nne, nilikuja kufahamu, ilikuwa hadithi. Mtoto aliisimulia mwanzo hadi mwisho nilipomwuliza, na mlikuwa na mbuzi wawili na harusi ndani yake.

Nilimwomba dada radhi palepale, naye akanipa. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani niliona kwamba hesabu haijalipika: radhi niliiomba baina ya watu wawili, ilhali fedheha niliifanya mbele ya mzazi, na mzazi yule alikwisha kuisambaza. Ikanibidi niende hadi kwenye karai la viazi nikaseme kwamba nilikosea, kwamba mwanawe alifundishwa vizuri na mwalimu anayeijua kazi. Mama aliendelea kugeuza viazi vyake, kisha akasema, "Kumbe walimu nao hukosea," akanifungia viazi vya shilingi ishirini na kukataa pesa. Sijui kama habari hii ya pili ilisambaa kwa kasi ya ile ya kwanza. Nadhani haikusambaa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia heshima ya walimu wa chekechea, mazungumzo yetu huanzia nje: serikali haituheshimu, wazazi hawatuheshimu, walimu wa msingi hawatuheshimu. Yote hayo ni kweli, na nitayagusa. Hata hivyo, kwa miaka kumi na mitano niliyofanya kazi hii sijawahi kumsikia mtu wa nje akiidharau kazi yetu kwa maneno makali kuliko yale tunayoambiana sisi wenyewe. Mzazi hajui kutofautisha cheti na diploma. Sisi ndio tuliomfundisha aulize.

Dharau ya nje ipo hata ndani ya lugha. Wanasiasa wakitaka kuwatukana wapinzani wao husema wanafanya "siasa za chekechea", na mchezaji akikosa bao la wazi huambiwa anacheza mpira wa chekechea, kana kwamba mahali pale ninapokwenda kila asubuhi ni pa upuuzi. Nilipoanza kazi, shangazi yangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba "bado anatafuta kazi, kwa sasa anashinda na watoto." Hakuwa na nia mbaya. Kwake kulea watoto ni jambo ambalo kila mwanamke hulijua, na jambo linalojulikana na kila mtu halilipiwi mshahara.

Katika nchi yetu, chekechea zilianza kwa mikono ya jamii. Baada ya uhuru vijiji vilijenga vyumba kwa harambee, vikamchagua mama mwenye subira na sauti nzuri ya kuimba, na akalipwa kwa kile wazazi walichonacho. Baina ya 1971 na 1982 ukaendeshwa mradi wa elimu ya chekechea chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, na kutokana na mradi huo kikaundwa mwaka 1984 kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, yaani NACECE, kisha vikafuata vituo vya wilaya tulivyozoea kuviita DICECE. Hapa Pwani kulikuwa na njia nyingine pia: katika miaka hiyohiyo ya 1980, Waislamu wa Mombasa waliotaka watoto wao wasichague baina ya chuoni, yaani shule ya Kurani, na shuleni walishirikiana na Wakfu wa Aga Khan kuanzisha chekechea za madrasa, zikiwatumia walimu wanawake wa mtaani waliopewa mafunzo, na mfano huo ukaenea hadi Zanzibar na Uganda.

Mimi nilipitia DICECE, katika kizazi chake cha mwisho mwisho. Tulifundisha muhula mzima, likizo ikifika wenzetu wa msingi wakapumzika, sisi tukabeba godoro kwenda kusoma, na tukaendelea hivyo kwa miaka miwili. Katika shule yangu ya kwanza wazazi walilipa shilingi 150 kwa mwezi kwa kila mtoto, na waliokosa walileta nazi au kibaba cha mahindi. Nilikuwa na mwezi mmoja ambao mshahara wangu ulikuwa zaidi nazi kuliko fedha. Nasimulia haya kwa vijana waliotoka vyuo vikuu na shahada ambao huwatazama kinamama wa cheti kama masalio ya zama za giza. Hao kinamama ndio waliokaa na watoto wa nchi hii wakati ambapo hakuna aliyetaka kukaa nao.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 maisha yetu yalibadilika, nusu kwa neema na nusu kwa mkanganyiko. Tulipata mwajiri. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza aliye hatua ishirini kutoka kwangu ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na mimi, ambaye tume hiyohiyo imenisajili na kunipa nambari, nimeajiriwa na kaunti. Ua ni mmoja, kengele ni moja, choo ni kimoja, waajiri ni wawili. Mwalimu mkuu ananiamuru lakini hajui mshahara wangu umechelewa. Wenzangu wa msingi wakigoma mimi nafundisha; sisi tukigoma wao wanafundisha, na watoto wetu wanachungulia madirishani mwao. Sheria ya elimu ya watoto wadogo iliyopitishwa mwaka 2021 iliweka mambo mengi kwa maandishi, na nashukuru, ila sheria haiingii katika chumba cha walimu saa nne kuangalia nani amepewa kiti.

Hicho kiti si maneno ya mapambo. Katika shule moja niliyopita, walimu wa chekechea tulikunywa chai darasani mwetu kwa miaka minne kwa sababu chumba cha walimu "hakikututosha", na kila mwaka wakaja walimu wapya wa msingi ambao chumba kiliwatosha. Siku ya kutoa zawadi majina yetu hayakuwemo kwenye orodha. Nilipohama hapo sikuagwa. Nimeyaandika, nimeyamaliza.

Sasa ungedhani watu wanaotendewa hivi wangeshikana. Kinyume chake, tulijigawa katika matabaka madogo madogo kama ngazi ya mnazi, kila mmoja akimkanyaga aliye chini yake ili naye aonekane yuko juu ya mtu. Yupo wa shahada, wa diploma na wa cheti. Yupo wa ajira ya kudumu, wa mkataba na wa kulipwa na wazazi. Yupo wa shule ya umma, yupo wa akademia, yaani shule ya binafsi, ambaye mshahara wake huenda ni mdogo kuliko wa sote lakini sare yake ina tai, na yupo wa madrasa ambaye wengine hawamhesabu kabisa katika kundi letu. Wa akademia husema kwetu watoto wanacheza tu. Sisi husema kwao watoto wanakaririshwa kama kasuku. Mzazi anasikia pande zote mbili na kuhitimisha, kwa haki kabisa, kwamba hakuna anayejua anachofanya.

Mwaka mmoja jambo hili lilitugharimu wazi. Mikataba yetu ilikuwa inakwisha na sote tulitaka ajira ya kudumu yenye malipo ya uzeeni. Walimu wa diploma na shahada walifungua kundi lao la simu, wakaandika barua isemayo kwamba wenye sifa za juu wafikiriwe kwanza. Walimu wa cheti walifungua kundi lao, wakaandika kwamba waliotumikia muda mrefu wafikiriwe kwanza. Barua zote mbili zilifika ofisini, ambayo sitaitaja, siku moja, asubuhi moja, na wajumbe wa pande zote mbili wakakutana kwenye benchi moja la kusubiria. Ofisa alizisoma, akaziweka ubavu kwa ubavu mezani, akauliza ipi ni ya walimu wa chekechea. Nilikuwepo, nimeketi upande wa diploma. Hakuna aliyejibu. Alitwambia turudi tutakapokuwa tumeshaamua, na kusema kweli sikumlaumu, ingawa nina hakika alifurahi kutuona tukienda.

Tulirudi baada ya miezi mitano na barua moja. Kuiandika kulituchukua Jumamosi sita chini ya mwembe wa shule, na sehemu ngumu haikuwa madai. Ilikuwa kusikilizana. Mama mmoja wa cheti, ambaye sasa amestaafu, alisema mbele ya watu wote kwamba kila mara kijana wa shahada anapozungumza kwa istilahi za chuoni yeye huhisi anafukuzwa bila kuambiwa atoke. Kijana naye akasema kwamba kinamama humwita "mtoto wetu" mbele ya wazazi, na hivyo mzazi hampelekei swali lolote la maana. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hata yeye anaumia. Barua ile, kwa wanaotaka kujua, ilijibiwa nusu: waliokuwa wametumikia muda mrefu zaidi walithibitishwa, wengine tuliongezwa mkataba. Tulikuwa tumeomba zaidi.

Jumamosi hazikukoma, hata hivyo. Mara moja kwa mwezi tunakutana kutengeneza vifaa: vizibo vya soda vya kuhesabia, kadibodi za herufi, vikaragosi vya soksi, mipira ya mifuko. Walimu wa akademia mbili wanakuja. Wa madrasa wanakuja baada ya kumaliza darasa lao, na mmoja wao ametufundisha nyimbo za kuhesabu ambazo sasa zimeenea wadi nzima. Hatuna mwenyekiti, tuna mweka hazina tu kwa ajili ya gundi.

Kuna jambo moja ambalo halina budi kusemwa, kwa sababu kila ninapotaja umoja wapo wanaodhani nataka tufichiane. Kuna mwenzetu aliyekuwa na tabia ya kuwafinya watoto masikioni. Viboko na adhabu za mwili zimekatazwa kisheria, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimwachi mwalimu nafasi ya kujitetea. Wengine katika kundi walisema tukimsema tutakuwa tumeivua nguo kazi yetu mbele ya wazazi. Mimi na mwenzangu mmoja tulikwenda kwake, nyumbani, jioni, tukamwambia peke yake. Alikasirika, kisha akalia, kisha akaahidi. Muhula uliofuata akarudia, nasi tukaenda kwa mwalimu mkuu, yeye akiwa anajua kwamba tunakwenda. Kwa muda mrefu hakunisalimu. Bado naona tulifanya sawa katika mambo yote mawili: kwanza kumwendea faraghani, na kisha kutokumsitiri kwa gharama ya sikio la mtoto. Tofauti kati ya kumheshimu mwenzako na kumlinda dhidi ya kazi yake mwenyewe huenda ni nyembamba machoni pa mtu wa nje, lakini mwalimu wa chekechea anaijua, kwa sababu mtoto anayefinywa hana kinywa cha kujisemea.

Tangu mwaka 2021 tumeanza desturi nyingine, na hii imetokana moja kwa moja na aibu yangu ya viazi karai. Mwisho wa muhula wa tatu, kila mwalimu wa PP2 katika kundi letu humwandikia kila mtoto karatasi moja ya kumkabidhi kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Hatuandiki alama. Tunaandika anachoweza kufanya kwa mikono yake, lugha anayoota nayo, iwe Kigiriama au Kiduruma au Kiswahili, anachokiogopa, nani humchukua saa sita, na jambo moja ambalo sisi tulishindwa naye. Mstari huo wa mwisho ulipingwa sana. Kwa nini tuwape silaha? Lakini niliona kwamba mwalimu akisoma kwa mwandiko wangu kwamba nilishindwa kumfundisha mtoto huyu kufunga kamba za viatu, hatahitaji tena kukunja uso na kuuliza ni nani.

Mwalimu wa darasa la kwanza wa shule yetu alikuwa bingwa wa swali lile. Mwaka wa kwanza aliziweka karatasi kabatini bila kuzisoma. Nilizikuta Juni, zimefungwa kwa uzi uleule niliozifunga. Mwaka wa pili hakusema kitu. Januari ya mwaka wa tatu alikuja mlangoni kwangu saa ya mapumziko, karatasi mkononi, watoto wakiwa kwenye foleni ya uji. "Madamu," akasema, "umeandika hapa kwamba huyu huogopa mlango ukifungwa. Nimemkalisha karibu na mlango, ametulia. Lakini huu mstari wa tatu, mwandiko wako siuelewi."

Mwandiko wangu ni mbaya kweli. Nilimsomea, kisha tukaenda wote wawili chumba cha walimu kutafuta kalamu ili niuandike upya.